Kitanda Chini ya Mlingoti

Siku mto Kuja ulipofura, simu zote za kijiji zililia kwa pamoja, na aliyezisikia nilikuwa mimi peke yangu. Umeme ulikuwa umepotea tangu mwanzo wa wiki, na watu wa kijiji chetu, Kamidigo, walikuwa wameniletea simu zao nizichaji kwa sola ya senta ya kompyuta. Zilijipanga kwenye rafu yangu, kila moja imebandikwa kikaratasi cha jina la mwenyewe. Ujumbe wa tahadhari ulipoingia zikatetemeka, zikaimba nyimbo za kanisa, na moja ikawika kama jogoo. Mwaka mzima tulikuwa tumejigamba kwa wageni kwamba mafuriko yakija, habari itamfikia kila mtu mfukoni mwake. Sasa mifuko yote ilikuwa mbele yangu, na wenyewe walikuwa bondeni wakipalilia mahindi.

Ujumbe ulitoka kwa dada anayeitwa Nyasuguta, ambaye hukaa juu sana mtoni, karibu na daraja. Kazi yake ni kuangalia nguzo ya daraja iliyopakwa rangi. Maji yakifunika rangi nyekundu, anatutumia habari, na sisi huku chini tunabaki na saa chache tu kabla maji hayo hayajatufikia. Alikuwa ameandika kwa ufupi: nyekundu haionekani tena, hameni.

Mimi naitwa Mong'ina. Ni Mkisii, Msabato, na nimefanya biashara huku Nyatike miaka mingi, hadi mtu akiniita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, naitika bila kufikiri. Nachaji simu, natoa kopi, nawapigia watu chapa barua za kuomba kazi. Nina mdomo, sikatai. Senta yenyewe iko juu ya kilima, nyumba moja ndefu ya mabati iliyo umbali wa safari fupi ya pikipiki kutoka Sori. Mbele kuna ukumbi wa kompyuta, katikati ndiyo kona yangu, na nyuma kuna chumba kimoja walichokuwa wakikaa Oliver na mkewe Caren.

Oliver ndiye fundi wa mtandao wetu. Ni mtu wa Rusinga, kule Homa Bay, na kazi alijifunzia Mbita. Alikuja kutusimamishia mlingoti, akamwona Caren, na kuanzia hapo mlingoti ukawa na matatizo mengi yaliyomzuia kurudi kwao. Akamwoa, akabaki. Wanaume sokoni humtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa, naye hucheka tu. Ni mpole mpaka unataka kumfinya.

Mlingoti huo ndio unaotuletea intaneti, na ndio unaobeba sauti za zile redio za mkono ambazo walinzi hutembea nazo kiunoni. Tulikuwa tumegawa redio moja kwa kila kundi la maboma, ikae kwa mtu anayeaminika. Upande wa chini kabisa, karibu na mto, redio ilikaa kwa Phelesia, mjane mwenye sauti kubwa na ng'ombe wachache. Phelesia ni mamake Caren. Kwa hiyo ni mama mkwe wa Oliver, na hapo ndipo pilika zote zilipoanzia.

Siku ya mafunzo Oliver alitueleza kwamba redio si ya maongezi. Unataja jina, mahali, tatizo, unaachia kidude cha kubonyezea. Phelesia alibonyeza akaanza kwa kumsalimu kila aliyekuwa na redio, akauliza habari ya mguu wa mmoja na ndama wa mwingine, akamalizia kwa sala. Watu wakamtazama Oliver. Oliver akainamisha kichwa, akaja kuninong'oneza nimwombe mama afupishe. Hangeweza kumwambia mwenyewe. Kwa Wajaluo mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali: hawapeani mkono, hawaonani wakila, na kulala chini ya bati moja ni jambo ambalo hata halizungumzwi. Sisi Wakisii tunayo yetu yanayofanana na hayo, kwa hiyo sikucheka. Haya, nilicheka kidogo.

Asubuhi ile ujumbe ulipoingia, basi, nilimkimbilia Oliver, naye akawasha spika iliyo juu ya mlingoti. Sauti yake ikashuka bondeni ikiwaomba watu, kwa adabu zote za Rusinga, wapande kilimani. Kisha akakaa kwenye mashine zake akaita redio moja moja. Mitumbwi ya uvuvi ilikuwa imevutwa kutoka ziwani, kila mmoja na mtu wa redio ndani, na ni yeye aliyekuwa akiuambia huu uende wapi na ule urudi wapi. Watu wakaanza kufika wakiwa na magodoro kichwani, mbuzi, sufuria, na mzee mmoja aliyebeba mlango wake mpya begani kwa sababu hakutaka maji yauchukue. Mvua ilikuwa nyembamba, watoto wakishangilia kompyuta, na mimi nikirudisha simu kwa wenyewe huku nikiwakaripia kwa kuniachia tahadhari zao.

Ni Caren aliyegundua kwanza. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, na alisimama mlangoni akiwahesabu kwa macho waliokuwa wakipanda.

"Mama hajakuja," akasema.

Nikabonyeza redio nikamwita Phelesia. Akanisalimu vizuri, akauliza hali ya watu huko juu, akasema majirani zake wote wameondoka na yeye amewafungulia ng'ombe wafuate njia ya kilimani. Nikamuuliza yeye mwenyewe anakuja lini. Akajibu kwamba hapo alipo panamtosha, akaachia kidude. Nilipomwita tena hakujibu. Oliver alikuwa amesikia yote. Aliniangalia, kisha akageukia mashine zake akaendelea kuita mitumbwi.

Caren akavaa gambuti za mumewe akaanza kuteremka kilima. Nilimfuata nikamshika mkono. Akaniambia kwamba kama mamake haji, yeye anakwenda, na kama nataka kumzuia nimfunge kamba. Alikuwa akilia waziwazi. Mtu wa hali ile kwenye matope yale, nilijua nikimwachilia nitawapoteza wote watatu. Nikamwambia akae, mimi ndiye nitakayekwenda, na nikirudi bila mamake anitukane vile apendavyo.

Niliingia kwenye mtumbwi wa Obare, mvuvi wa Sori asiyeongea sana, na shukrani kwa Mungu kwa hilo, kwa maana mimi niliongea kwa niaba yetu wote. Sijui kuogelea. Tulipita juu ya shamba la mihogo, majani yakikwaruza chini ya mtumbwi, tukaingia hadi uwanjani kwa Phelesia. Mto ulikuwa umeshapita ukingo wake. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakiingia mlangoni pasipo kubisha.

Yeye alikuwa ameketi juu ya meza, nguo zake za kanisani amevaa zote, kuku wake kwenye kikapu, redio imefungwa kwenye karatasi ya nailoni kifuani. Nilianza kumfokea kutoka mlangoni. Nikamwambia mtoto wake anataka kujitosa matopeni kwa ajili yake, watu wazima hawafanyi hivi, na ashuke mezani mara moja. Alisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Nyar Kisii, hiyo senta ni nyumba ya nani?"

Nikamwambia ni ya kijiji.

"Na kitanda ya Oliver iko wapi?"

Nikamwangalia Obare.

"Iko chini ya hiyo bati," akasema. "Basi ni nyumba yake. Mimi nikilala hapo na Caren ako hivyo alivyo, chira itashika nani? Si mimi. Ni huyo mtoto hajazaliwa. Wacha maji inichukue, mimi nimekula dunia yangu."

Hasira zote zikanitoka. Nilikuwa nimekuja nikidhani ni ukaidi wa mwanamke mzee, kumbe alikuwa ameketi pale kumkinga mjukuu wake. Unaweza kusema chira ni imani tu, kwamba hakuna laana inayomfuata mtoto kwa sababu ya bati. Mchungaji wangu angesema hivyo. Lakini Phelesia alikuwa akiiogopa kuliko maji yaliyokuwa yakilamba miguu ya meza, na mimi mwenyewe, tangu nilipomwoza binti yangu, sijawahi kuvuka kizingiti cha chumba chake.

Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa na mwaka mzima wa kupanga. Watu wa mradi uliotuletea redio walituuliza kuhusu watoto, wagonjwa, wasioweza kutembea, hata mbuzi. Hawakuuliza nani hawezi kulala na nani, na sisi, tunaolijua jambo hilo tangu utotoni, hakuna aliyelitaja. Tulipokaa mbele ya wageni tulijibu kama wageni.

Obare akasema tuamue, maji hayangoji. Nikabonyeza redio ya mtumbwi.

"Oliver, mama anasema hawezi kulala kwenye nyumba yenye kitanda chako."

Nilisahau kwamba bonde lote lilikuwa linasikiliza. Mtu fulani kwenye mtumbwi wake akacheka akasahau kuachia kidude, na kicheko chake kikatufikia sisi sote. Oliver akakohoa. Akaniomba nimwambie mama kwamba yeye ataondoka, atakwenda kulala popote. Phelesia, ambaye alikuwa amesikia kila neno kutoka kifuani pake, akaniomba nimwambie Oliver asiziache mashine, mitumbwi itamwita nani? Oliver akaniomba nimwambie mama asante kwa kufikiria hilo. Phelesia akaniomba nimuulize, na kitanda je?

Hapo nilichoka. Maji yalikuwa magotini mwangu na hawa wawili walikuwa wakinitumia kama barua.

"Mnasikiana," nikasema. "Ongeeni wenyewe."

Nikamfungulia Phelesia ile nailoni, nikamwekea redio mkononi. Aliishika akiitazama kana kwamba Oliver mwenyewe ameketi ndani. Tangu mahari ilipolipwa, maneno yote kati ya hao wawili yalikuwa yamepita kwa Caren au kwangu, ukiondoa salamu za mbali. Akavuta kitambaa chake kichwani, akakaa vizuri juu ya meza, akabonyeza.

"Wuod Rusinga," akamwita, yaani mwana wa Rusinga.

"Naam, Mama."

"Mimi nikikuja, kitanda yako itakuwa wapi?"

"Itakuwa nje, Mama, chini ya mlingoti. Na mimi nitakuwa nayo huko, na mashine pia. Nyumba yangu inahama saa hii."

Phelesia alifikiri. Mvua ikagonga bati.

"Na ukinyeshewa?"

"Mimi nikinyeshewa nitakauka. Wewe ukienda na maji sitakupata tena."

Sauti yake ilikatika mwishoni, na haikuwa kosa la mtandao. Phelesia alinikabidhi kuku, akashuka mezani, akatembea ndani ya maji hadi kwenye mtumbwi na nguo zake zote za kanisani, akakaa mbele kabisa akimgeuzia Obare mgongo ili asimwone uso.

Tulipokaribia kilima tuliona jambo ambalo sitalisahau. Kitanda cha Oliver na Caren kilikuwa kinatoka mlangoni kimebebwa na wanaume, godoro limefungwa turubai, na Caren akitembea kando akiwaelekeza kwa kidole kama anayesimamia harusi. Mzee wa mlango alikuwa ameutoa mlango wake ukalazwa juu ya matope, kitanda kikasimama juu yake. Waya zikavutwa kupitia dirishani. Mashine zikawekwa kichwani pa kitanda, betri uvunguni, turubai likafungwa kwenye mlingoti. Oliver akapanda, akakunja miguu, akavaa vidude vya masikioni, akaendelea na kazi. Bila kitanda, ile nyumba ndefu ikawa ofisi tu.

Phelesia alipanda akiangalia ziwa. Oliver akageuka akaangalia mlingoti kwa makini, utadhani hajawahi kuuona. Walipishana hivyo, na watu wote wakasogea kuwapa nafasi. Kisha Caren akamrukia mamake kwa jinsi tumbo lilivyomruhusu, na mimi nikaenda nyuma ya ukuta nikalia, halafu nikarudi kuuliza nani amegusa kopi zangu.

Kazi haikuwa imekwisha. Bado kulikuwa na wakaidi bondeni waliojibu ombi la Oliver kwa kusema watangoja waone. Yeye akawaomba tena, akawaita mzee wangu na mama yangu. Phelesia alisikia hayo akiwa ukumbini akikamua maji kwenye sketi. Akachukua redio. Alianza kwa salamu, hilo halikwepeki, kisha akamtaja kila mmoja kwa jina la mamake na kumuuliza anataka mama huyo aambiwe nini. Akasema yeye, Phelesia, ameketi mahali pakavu kwa sababu mkwe wake amekubali kulala nje na kitanda chake kama mbuzi, na yeyote anayedhani ana heshima ya kulinda kuliko yeye ajitokeze. Wakajitokeza. Obare na wenzake waliwaleta kabla giza halijaingia, na mmoja wao alipofika alienda kwanza kukiona kitanda kabla ya kuomba chai.

Hatukupoteza mtu. Mahindi yalikwenda, kuku wengi walikwenda, nyumba za udongo zililegea zikakaa chini. Watu waliyalilia hayo, na ni haki yao. Lakini tulipohesabiana ukumbini kila aliyetajwa aliitika.

Jioni wanawake waliweka moto chini ya paa la nje wakapika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, katika sufuria ya kanisa. Phelesia ndiye aliyeshika mwiko. Alipakua sahani ya kwanza, akaijaza hadi nikaona aibu kwa niaba ya waliokuwa nyuma, akampa Caren aipeleke nje. Yeye hangeweza kwenda nayo. Hangeweza hata kukaa penye dirisha la upande ule, asije akamwona mkwe wake akitafuna. Akapakua yake, akaketi kando yangu akiupa mlingoti mgongo. Hakula. Alikuwa akiisogezasogeza sahani.

Kisha akaniomba redio.

"Wuod Rusinga, umekula?"

Kutoka nje ya ukuta, na papo hapo kutoka kwenye redio, ikaja sauti ya mtu aliyekuwa akimeza haraka.

"Nakula, Mama. Wewe?"

"Mimi pia nakula," akasema, na ndipo akatia kijiko cha kwanza mdomoni.

Wakala hivyo, ukuta katikati, kila mmoja akimwambia mwenzake chumvi imetosha au haijatosha. Nilizipekua kichwani mila zote ninazozijua, zao na zetu, nisipate hata moja inayokataza kula na mkwe wako kupitia mlingoti.

Maji yalipungua, na baada ya wiki mbili tatu Phelesia akarudi kujenga upya. Maofisa walikuja kutupongeza, wakataka kupiga picha ya mama na fundi wamesimama pamoja na redio. Tuliwaeleza, hawakuelewa, mwishowe wakawapiga picha mmoja huku na mwingine kule kwenye kona ya nyumba, kila mmoja akitabasamia upande wake. Kijiji nacho kikajenga kibanda kando ya senta, chini kidogo ya kilima, na kitanda kikahamia huko moja kwa moja. Sasa chini ya lile bati hakuna kitanda cha mtu. Watu wa mradi wanapouliza maswali yao, mimi huwaongezea la kwangu, nani hawezi kulala chini ya bati moja na nani, na huwa siwaachi mpaka wamelijibu.

Caren alijifungua msichana, Akoth, mzito na mwenye sauti ya nyanyake. Redio ya Phelesia ilipaswa kurudishwa ikaguliwe betri. Amekataa kuileta. Anasema haina shida, anaijaribu mwenyewe kila siku. Na ni kweli. Kila jioni nikiwa nafunga rafu yangu, salamu zake hupanda kutoka mtoni, ndefu kama zamani, za mguu wa fulani na ndama wa fulani, na Oliver hukaa mlangoni pa kibanda chake na sahani magotini, hajaigusa, akingoja aulizwe.